Nyuma ya Msafiri Hapafagiliwi

Wasimulizi huanza na mtu. Kisa hiki kinaanza na mchanga, kwa kuwa mtu mwenyewe alikwisha kuondoka.

Mchanga ulikuwa ndani ya chumba cha Mwatumu, kile cha kulia ukiingia. Uliingia siku kwa siku kwa chini ya mlango na katikati ya makuti, taratibu, kama mgeni asiyependa kusumbua. Kwanza ulifunika mkeka. Kisha ukapanda miguu ya kitanda. Ni mwaka gani ulipofika kwenye kamba za kitanda, Mwatumu hakukumbuka, maana miaka ilikuwa imeacha kuja mmoja mmoja. Mingine ilikuja miwili kwa pamoja, mingine ilirudi ilikotoka. Hakuufagia mchanga ule hata mara moja. Kwao, nyumba haifagiliwi nyuma ya msafiri mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia unamfutia nyayo, na mtu aliyefutiwa nyayo atarudi akikanyaga wapi? Watu wote waliishika desturi hiyo, siku mbili, siku tatu, wiki. Mwatumu aliishika mpaka nywele zikabadilika rangi.

Na palikuwa na wayo mmoja. Hapo hapo ndani ya kizingiti, mguu wa kushoto, kidole gumba kimepinda nje kama kinachomwonyesha mtu njia. Mwatumu aliufunika kwa kawa, lile la kufunikia chakula, na kila baada ya sala ya alfajiri alilifunua kidogo, akatazama, akafunika. Alisema moyoni: upo. Halafu akaenda zake kuteka maji.

Mwenye wayo alikuwa Shomari, mumewe, fundi wa makuti. Alikuwa mashoto, na mafundo yake yote yalizunguka kinyume na mafundo ya watu wengine, hata ukipita chini ya paa lolote la mtaa ule ukiinua macho ulijua: hili ni la Shomari. Maisha yake yote hakuwahi kulala mahali ambapo adhana ya msikiti wao haisikiki. Ndipo vita vikaja.

Vita havikuja vikitafuta mashujaa. Vilikuja vikitafuta miguu. Bunduki vilikuwa nazo, hasira vilikuwa nazo, wenyewe wa kuvigombania walikuwapo huko mbali kwenye viti vyao. Kilichopungua kilikuwa miguu ya kuvibeba kutoka nchi hii kwenda nchi ile. Wakaja watu na kamba na daftari. Wakamfunga kila mwanamume shingoni kibati chenye namba. Shomari, aliyekuwa na mdomo wa mzaha hata mbele ya jeneza, aligeuka mlangoni.

"Bi Mwatumu, mimi naenda matembezi."

"Matembezi gani hayo na kamba shingoni?"

"Matembezi ya wakubwa. Wenzangu hulipa nauli, mimi napelekwa bure na chakula juu."

"Usisahau kurudi."

"Nitasahau vipi? Nimeacha mguu mmoja humu ndani."

Akakanyaga, akatoka. Hilo ndilo neno la mwisho, na Mwatumu alilisuguasugua kama shanga za tasbihi mpaka likawa laini.

*

Kuna jambo lingine lililotokea hapo mlangoni. Mwatumu hakupenda kulisema.

Siku moja, jua likiwa utosini, alikuja mtu wa bara. Alikuwa na chale mbili kwenye kila shavu, na shingoni kibati. Alikohoa kikohozi kirefu, akasema maneno ambayo hayakuwa na mlango wa kuingilia masikioni mwa Mwatumu. Mwatumu akamchotea maji kwa kata, kwa kuwa maji hayanyimwi mtu. Mgeni akanywa yote. Kisha akaifunika kata chini, mdomo juu ya ardhi, akaigonga mgongoni mara mbili kwa kiganja. Mwatumu alishtuka. Kwao kumfunikia mtu chombo mlangoni ni kumfunikia riziki. Mgeni akaonyesha kivuli kilichokuwa ndani ya mlango, akaweka kiganja shavuni kama anayesema: nijilaze kidogo tu. Ili aingie, ilikuwa lazima akanyage palipokuwa na kawa. Mwatumu akasimama katikati ya mlango, mikono huku na huku kwenye miimo.

"Hapa hapapitwi," alisema.

Mgeni alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Akaenda. Baada ya sala ya alasiri watu wa msikitini walimkuta amelala kando ya kisima cha zamani, amekwisha. Hawakujua dini yake. Wengine wakabishana. Imamu akasema jua haliwangoji, mwosheni, Mungu anawajua watu wake bila kusomewa. Wakamwosha, wakamswalia, wakamzika. Mwatumu alisikia. Hakwenda. Na kata aliiacha pale pale chini ya baraza, imefunikwa, kwa kuwa aliogopa kuigusa.

Wifi yake Mwajabu, dada wa Shomari, alikuwa akija kila Ijumaa na ulimi wake.

"Wifi, hiki si chumba tena. Hili ni jangwa. Siku moja tutamkuta ngamia kitandani."

"Akija ngamia nitampa maji."

"Na wewe mwenyewe utalala wapi? Hebu nikuulize, umekuwa mke au mjane? Maana mke ana mume na mjane ana eda. Wewe una mchanga."

Wakaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanamke aliyepotelewa na mume ni mtu aliyesimama juu ya kizingiti. Hajaingia, hajatoka. Nitafutie kinywa kimoja tu kilichomwona amefika au ameanguka. Kinywa kimoja, binti yangu. Akiwa hai, endelea kumngoja kwa wema. Akiwa amekufa, kaa eda yako siku mia na thelathini, umlilie, ufagie."

Hapo ndipo Mwatumu alipojua anachokitaka. Hakuwa anamtaka tena Shomari arudi. Hilo lilikuwa limekuwa kubwa mno kuombwa na mtu mmoja. Alitaka kujua kama anaruhusiwa kufagia.

Alichota mchanga kidogo ubavuni mwa ule wayo, akaufunga kwenye pindo la kanga. Akamwachia Mwajabu ufunguo. Akasema bismillahi, akatoka kwa mguu wa kulia, akashika njia waliyopitishwa Shomari na wapagazi wenzake.

*

Njia ya vita si kama njia nyingine. Njia ya sokoni inakwenda sokoni, ya kisimani kisimani. Njia ya vita haina inakokwenda. Inakwenda mbali tu. Mwatumu alitembea, na kadiri alivyotembea ndivyo umri ulivyomtoka na kumrudia, asubuhi magoti yanalia, adhuhuri ana wepesi wa mwari, alasiri bibi tena. Aliacha kushangaa. Alijiuliza kitu kimoja tu, na swali hilo lilimwenda sambamba kama kivuli: mtu ni nini hasa? Ni jina lake? Ni mzigo aliobeba? Au ni alama aliyoiacha mahali alipoondoka? Maana jina la Shomari aliliacha mtaani. Mzigo haukuwa wake. Na alama ilikuwa chini ya kawa. Basi huko alikokwenda alikwenda nani?

Alifika kwenye mto usiokuwa na jina. Kila jeshi lililouvuka lilikuwa limeupa jina lake, kisha likaondoka nalo. Hapo aliwakuta wapagazi wakivuka. Walikuwa wakivuka tangu siku ya kwanza ya vita na hawajamalizika, mstari mmoja mrefu, masanduku kichwani, maji kifuani. Hawakuwa mizimu. Walikuwa watu waliochoka. Mwatumu akasimama ukingoni akiwatazama nyuso, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele.

"Wewe ni nani?" alimuuliza mmoja.

"Mia nne na sabini."

"Nakuuliza jina."

"Ndilo hilo, mama. Lile la kwanza niliona zito, na tayari nilikuwa na sanduku."

"Unamjua Shomari?"

"Mwite kwa namba, ataitika."

Mwatumu akafungua kinywa amwite. Namba ya mumewe hakuijua. Asubuhi ile aliitazama kamba, akamtazama macho, hakutazama kibati. Akalia pale ukingoni, na wale wapagazi wakapita wakimpa pole, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Ndipo alipoona walikuwa wametoka kila mahali. Wa milimani alimshika mkono yule wa maziwani asizame. Wa kusini aliimba, wa kaskazini akaitikia asilolielewa. Wenye vita waliwakusanya watu ambao Mungu alikuwa amewaweka mbali mbali, wakawafunga kamba moja ili wakawasaidie kuua. Na wao, huko kambani, wakafundishana kupika.

Ng'ambo ya mto paliendelea kuwa hivyo. Katika kijiji kimoja wanawake walisema bismillahi kila walipofunua chungu, na hakukuwa na Mwislamu hata mmoja.

"Ni dawa ya chungu," mmoja alimweleza. "Mpagazi mmoja wa pwani alituambia bila neno hilo ugali hautoshi watu."

"Na unatosha?"

"Unatosha! Tangu tuanze kulisema, hata wakija wageni tisa."

Mwatumu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani, na kicheko kilimuuma mbavu, kwa kuwa alijua ni mzaha wa nani.

Mbele zaidi aliona zizi la mbuzi lenye paa la ajabu. Nchi ile haikuwa na minazi. Mtu alikuwa amechukua majani ya mvumo, akayasuka kama makuti, akayashona kwenye fito safu juu ya safu. Mwatumu akaingia katikati ya mbuzi, akainua macho. Mafundo yalizunguka kinyume.

"Nani aliezeka hapa?" alimuuliza mwenye zizi.

"Bwana wa mkono wa kushoto. Alipita jana."

"Jana gani?" mkewe akamkatiza. "Alipita enzi za bibi yangu, wewe! Usimdanganye mama wa watu."

"Jana, nakwambia. Nilimpa tumbaku."

Wakabishana. Mwatumu aliwaacha wabishane, akanyoosha mkono akagusa fundo moja. Lilikuwa bado limekaza. Ewe Mola, alisema moyoni, umempitisha huku. Mikono yake imepita huku ikitafuta kazi yake, katikati ya kazi ya watu wengine. Hakuna aliyemwamuru aezeke zizi. Alikuwa na njaa, alikuwa na sanduku la risasi, akaona mbuzi wananyeshewa.

Na wewe, Mwatumu, ulimpa nini aliyepita kwako? Swali hilo lilitoka wapi hakujua. Alitembea haraka zaidi ili liachwe nyuma.

*

Mwisho wa njia ulikuwa uwanja wa nyumba moja ya udongo. Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka ardhi inang'aa, hakuna jani, hakuna kinyesi cha kuku. Mahali pamoja tu palikuwa na vumbi la siku nyingi: mlangoni, na juu ya vumbi hilo chungu kilichopasuka, kimefunikwa mdomo chini.

Mwanamke mwenye umri kama wake aliinuka kutoka kivulini. Akampigia goti, akapiga makofi mawili ya salamu. Akamtazama kanga, akamtazama pindo lililofungwa fundo.

"Alaa!" alisema. "Ndiwe usiyefagia."

Mwatumu akaketi chini. Si kwa maneno tu. Ile "alaa", jinsi ilivyopandishwa na kukatwa, ilikuwa ya Shomari. Mwanamke huyu alisema Kiswahili cha Shomari, na mikwaruzo yake na makohozi yake, kama mtu aliyevaa shati la mumeo.

"Naitwa Nshoma," mwanamke akasema. "Nimekungoja, mama weee, mpaka nikaanza kukusahau."

"Amekufundisha kusema?"

"Siku arobaini. Alikuwa hapo ndani. Walimwacha njiani wenzake, sanduku wakalichukua, yeye wakamwacha. Sanduku lilikuwa na thamani."

Mwatumu aliuliza lile ambalo mke huuliza. "Ulilala naye?"

Nshoma akacheka mpaka akashika kiuno. "Alikuwa na tumbo la kuhara, dada yangu! Nani alale na tumbo la kuhara? Nilimfulia. Nilimpa uji. Alinikejeli kwamba uji wangu ni wa kupakia ukuta." Kisha kicheko kikaisha. "Sisi hapa mgeni akiondoka tunafagia nyuma yake siku hiyo hiyo, vumbi limsukume afike haraka kwao. Siku moja askari wamepita, nikawa nafagia nyuma yao. Akaona kutoka mlangoni. Akalia kama amefiwa. Nikamuuliza una nini. Akasema, kwangu kuna mtu hajafagia. Akasema, nikitoka humu usinifagilie, utamchanganya njia."

"Na alitoka?"

Nshoma alikwenda akakiinua chungu.

Wayo ulikuwa wa mguu wa kushoto. Kidole gumba kilipinda nje. Mwatumu aliutambua kabla hajautazama vizuri, kama unavyotambua sauti ukumbini. Ule wa nyumbani kwake ulikuwa umeelekea nje. Huu ulielekea ndani.

"Huu ni wa siku aliyoingia," Nshoma alisema. "Mwingine haupo. Tulimtoa kwa mikono. Yuko nyuma ya nyumba, kichwa nilikilaza alikokuwa akikielekeza wakati wa kusali. Alifika, mama. Alifika hapa."

Kinywa kimoja. Mwatumu akasema innalillahi wainna ilayhi rajiun, akaisema tena, na machozi yalitoka bila kelele. Aliinamisha paji la uso penye vumbi kando ya wayo ule, akakaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikahama.

Nshoma akamletea maji kwa kata ya kibuyu. Alionja kwanza yeye, kumwonyesha mgeni hayana ubaya, akampa. Mwatumu alikunywa yote. Nshoma akaipokea kata, akaifunika chini, akaigonga mgongoni mara mbili kwa kiganja.

"Kwa nini unafanya hivyo?" Mwatumu aliuliza, na sauti yake ilikuwa si yake.

"Ni kuishukuru nyumba. Kwamba umeshiba, kiu isiingie hapa tena. Kwenu hamfanyi?"

Kisha, kwa upole, kama mtu aliyengoja zamu yake, Nshoma akauliza la kwake. "Wangu walimchukua upande wa pili wa vita, wakamshusha pwani. Mhoja. Ana chale mbili hapa, na mbili hapa. Ana kikohozi. Nilimfagilia vizuri, siku ile ile. Hukumwona?"

Hakuna aliyejua. Mwatumu angeweza kusema hapana, na njia nzima ingemsaidia kunyamaza. Alifikiri: nimetembea nchi zote hizi nikitafuta kinywa kimoja, kumbe mimi nami ni kinywa. Akalifungua pindo la kanga, mchanga ukamwagika mapajani, kwa kuwa mikono ilitaka kitu cha kushika.

"Nilimwona," alisema. "Alikuja kwangu adhuhuri. Nikampa maji."

"Alikunywa?"

"Alikunywa. Akafunika kata. Nikadhani ananilaani. Aliomba kivuli, Nshoma. Nikamzuia mlangoni. Kulikuwa na wayo wa Shomari, sikutaka aukanyage. Akaenda kufa kando ya kisima. Wamemwosha, wamemzika vizuri. Mimi sikwenda."

Kuku mmoja akaingia uwanjani, akatoka. Huyu aliyekuwa amemfulia mume wa mwenzake siku arobaini alimtazama aliyemfungia wake mlango, akamtazama sana, mpaka Mwatumu akatamani apigwe.

"Ningekuchukia," Nshoma alisema mwishowe, "lakini nimechoka. Nimelilinda vumbi lako miaka yote, nikipigana na kuku." Akashika ufagio uliokuwa ukutani, wa njiti za mvumo, na fundo la mpini wake lilizunguka kinyume. Akamwekea Mwatumu mkononi. "Chukua. Ni wake. Na ukifika kwenu, mpe Mhoja kivuli."

"Amekufa, Nshoma."

"Na wako amekufa. Mimi nimemfunikia chungu."

*

Njia ya kurudi haikuwa na urefu. Mwatumu aliinuka kutoka uwanja ule, na hatua iliyofuata ilikuwa mtaani kwao, Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Mwajabu alikuwa kwenye baraza anamenya muhogo.

"Wifi! Umemwona?"

"Amefika. Amelazwa kuelekea kibla."

Mwajabu akatupa kisu, akapiga ukelele, na majirani wakaja. Walipokwisha kulia, Mwatumu akafungua chumba cha kulia. Akafunua kawa. Akautazama wayo mara moja, akaufagia kwa mkono wa kushoto, kwa ufagio wa mkono wa kushoto. Haukuuma kama alivyoogopa. Kisha kitanda, kisha chini ya kitanda, na mchanga ukatoka mlangoni kwa saa nyingi, ukashuka ngazi ya baraza kama watu wanaoruhusiwa kwenda kwao.

Mwajabu alichukua ufagio mwingine amsaidie. Alipofika chini ya baraza, penye ile kata ya zamani, akainama aiondoe.

"Iache," Mwatumu alisema.

"Wifi, chumba umefagia, hiki kidude unakiachia nini?"

Mwatumu alishuka. Akapiga goti mbele ya kata, akapiga makofi mawili, kama alivyosalimiwa kwa Nshoma. Siku mia na thelathini zilikuwa zinamngoja ndani, na alizitaka. Lakini kwanza alisimama kando ya mlango, mgongo kwenye mwimo, mikono ameishusha, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Pita ndani, Mhoja," alisema. "Pamefagiwa."